Naomba ushauri: maombi ya pamoja ya makanisa tofauti mtaani

Bwana asifiwe wapendwa. Hapa Nyalenda, Kisumu, tunataka kuombea mtaa wetu pamoja: Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste na ndugu zetu wa Legio Maria, lile kanisa lililojitenga na Wakatoliki. Mto Auji ukifurika, maji huingia kwa kila mtu bila kuuliza dhehebu, na vijana wetu wanaisha kwa pombe ya chang'aa.

Siku tumeelewana: Jumatano jioni, maana Jumamosi ni Sabato ya wenzetu na Jumapili kila mtu yuko kwake. Shida ni namna ya kuomba. Tulipokutana mara ya kwanza, wengine walipaza sauti wakinena kwa lugha, na mama mmoja wa Legio akafunga rozari yake kwenye leso, akanyamaza mpaka mwisho. Iliniuma sana.

Mliowahi kufanya hivi, mliwezaje? Mlipeana zamu za kuongoza, au mlishika Zaburi na Baba Yetu tu? Sadaka je? Naona tusikusanye kwanza, pesa huleta maneno. Tunalenga Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari, kwa hivyo tafadhali nijibuni mapema.