Shilingi 25 kila lita ya mafuta, na lori la changarawe limekwama

Wanabodi, leo uungwana nimeuacha nyumbani, mtanisamehe.

Jana sisi wa ndani ndani huku Mwakirunge, Mombasa, tulichanga mia tano tano kila nyumba, tukaleta lori moja la changarawe tuzibe mashimo. Lori likakwama kwenye shimo lile lile lililoletewa hiyo changarawe! Dereva akamwaga mzigo papo hapo ili ajinasue. Sasa tuna kilima katikati ya njia, na shimo liko pale pale. Watoto wanakipanda na kuteleza. Angalau wao wamefaidi.

Haya, tupigeni hesabu. Jirani yangu ana tuktuk, kwa siku anatia lita nne. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 25 za ushuru wa kutengeneza barabara. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Kwa hiyo anatoa mia moja kila siku. Akiingia kazini siku 300 kwa mwaka, ni elfu thelathini, tuktuk moja tu hiyo. Muulize zimetengeneza nini, atakuonyesha springi zilizokatika.

Na hapo ni mara ya kwanza kulipa. Mara ya pili ni kwa dalali wa soko la Kongowea: akija kuchukua madafu shambani anakukata bei, akiulizwa anasema "hiyo ni ya njia yenu". Mara ya tatu ndiyo lori la jana.

Nilikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza wakaniambia njia hiyo si yetu, nenda kwa wenzetu. Kwa wenzao wakafunua ramani, wakasema ni ya hao hao ulikotoka. Mtu mzima na mvi zangu, napigwa danadana! Sheria ya 2007 ilileta mamlaka tatu za barabara, KeNHA ya barabara kuu, KURA ya miji na KeRRA ya vijijini, kisha katiba ya 2010 ikaleta kaunti nazo zikapewa zake. Sisi kwenye makaratasi ni Mombasa, mji. Ukija kwetu utakuta mihogo na minazi. Basi tuwekwe fungu gani?

Huko juu nako wabunge na magavana wamevutana hadi kortini juu ya bilioni 10.5 za ushuru huo huo, nani azishike. Mwaka 2025 shilingi 7 katika zile 25 zikawekwa rehani kutafuta bilioni 175 za kulipa madeni ya makontrakta. Sipingi mtu kulipwa jasho lake. Lakini zaidi ya robo ya anachotoa jirani yangu inalipia barabara za jana, za watu wengine, na ya kwake ya leo inangoja.

Hata greda likija, ni balaa jingine. Huja mvua za mwaka zikikaribia, likaparuza udongo wa juu na kuusukuma pembeni, likaenda zake. Udongo haumwagiwi maji, greda halifuatwi na rola, mtaro hakuna, kalvati hakuna. Njia ya udongo inataka mgongo, katikati pawe juu maji yashuke pande zote mbili. Hii yetu imeparuzwa miaka na miaka hadi iko chini kuliko mashamba, kwa hiyo mvua ikinyesha yenyewe ndiyo mtaro. Maji ya kijiji kizima yanapita humo. Na siku ile ya greda nina hakika imeandikwa mahali kuwa ni matengenezo, imetiwa sahihi na kulipwa.

Nimeandika barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inazipa ofisi siku 21 ziwe zimejibu. Nauliza mawili tu: njia hii imesajiliwa kwa nani, na mwaka wa fedha uliopita ilitengewa shilingi ngapi. Jumatatu naipeleka ofisi zote mbili ili wasipate pa kunirushia.

Wa Mwakirunge na Utange, nani anatia sahihi? Nanyi wa Mtongwe, kama kwenu ni haya haya, niandikieni hapa niwape nakala mbadilishe jina la njia tu. Na mwenye beleshi la ziada aje nalo kesho asubuhi, hicho kilima bado kiko.