Uvimbe uko kwenye ovari, mbona mwendo ndio umeharibika?

Mwana wa Pangani:
Salamu kwenu nyote. Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 58, alianza kuyumba akitembea. Ndani ya wiki tatu alikuwa hawezi kwenda msalani bila kushika ukuta, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba waliompigia simu walidhani amelewa, ilhali hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Alitibiwa malaria, kisha sikio, kisha tukaambiwa ni kiharusi, ingawa kipimo cha MRI cha kichwa hakikuonyesha kasoro yoyote. Daktari wa nne ndiye aliyeagiza ultrasaundi ya nyonga, na hapo ukaonekana uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Sasa tunaambiwa kwamba ni saratani, kwamba haijafika kwenye ubongo, na kwamba hata hivyo ndiyo iliyoharibu mwendo wake. Hapo ndipo ninapokwama: kama haijafika huko, imeuharibu vipi? Na uvimbe ukitolewa, atatembea tena?

Tabibu wa Neva:
Poleni sana, ndugu yangu. Unachokieleza kinafanana na hali ambayo ubongo mdogo, ile sehemu ya kisogoni inayoratibu mwendo, usemi na mikono, huharibiwa na kinga ya mwili yenyewe. Baadhi ya saratani za ovari hutengeneza protini ambayo kwa kawaida hupatikana ndani ya seli za ubongo mdogo ziitwazo seli za Purkinje. Kinga ikiikuta protini hiyo mahali isipostahili kuwapo, huushambulia uvimbe, jambo ambalo ni jema. Kisha askari hao hao wa kinga huingia kwenye ubongo, wakakuta seli zenye protini ile ile, na huko hawachagui. Kingamwili (protini ya kinga inayolenga kitu maalumu) inayoitambulisha hali hii huitwa anti-Yo (hizo ni herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo la mgonjwa wa awali), na huonekana karibu kwa wanawake pekee, wenye saratani ya ovari, ya titi au ya viungo vingine vya uzazi. Mara nyingi uvimbe huwa bado mdogo wakati miguu inapoanza kuyumba, ndiyo maana mgonjwa huhangaishwa na vipimo vya kichwa kabla hajatokea mtu wa kuifikiria nyonga. MRI kutoonyesha kitu mwanzoni si ajabu. Kusinyaa kwa ubongo mdogo huonekana baadaye.

Swali la pili ni gumu, nami sitaki kukupa matumaini hewa. Seli za Purkinje zikishakufa hazioti tena. Upasuaji na dawa za saratani huondoa chanzo, na steroidi, immunoglobulini ya mshipani au kusafishwa kwa plasma (maji ya damu) hujaribu kuituliza kinga, lakini wengi hubaki pale walipokuwa matibabu yalipoanza. Ikiwa upasuaji umepangwa mbali, ombeni usogezwe karibu.

Mama wa Kisauni:
Mimi si daktari, ila niruhusuni niseme la upande wa pili, asije msomaji mwingine akakata tamaa. Binti yangu, akiwa na miaka 19, aliacha kulala, akawa anazungumza na pazia, akamkana baba yake mbele ya wageni. Tulimfanyia kisomo siku tisa, kwa kuwa kila aliyemwona alisema ana majini. Kilichonishtua mimi ni mdomo: hata akiwa hajitambui, taya lilikuwa likitafuna bila chakula na ulimi ukitoka na kuingia, kisha akapata degedege. Hospitali ya kwanza ilimpa dawa za wazimu tu. Ya pili ilipima maji ya uti wa mgongo, ikakuta kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe, na kwenye ovari kulikuwa na teratoma, uvimbe ambao wala haukuwa saratani. Ulipopasuliwa ulikuwa na nywele ndani. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia wiki sita. Leo amerudi chuoni, ingawa miezi ile haikumbuki hata chembe.

Tabibu wa Neva:
Ahsante, Mama. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 2007 na Josep Dalmau na wenzake nchini Marekani, kwa wanawake 12, ambao 11 kati yao walikuwa na teratoma ya ovari. Teratoma hubeba tishu za aina nyingi, za neva zikiwemo, na huko ndiko kinga inakojifunzia kosa lake. Tofauti yake na anti-Yo ni kwamba kingamwili ya NMDA hushika vipokezi vilivyo juu ya seli na kuvizamisha ndani, bila kuiua seli yenyewe. Kingamwili ikipungua, vipokezi hurudi. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, karibu wagonjwa wanne kati ya watano walifikia hali nzuri ndani ya miezi 24.

Mwana wa Pangani:
Nawashukuru. Majibu ya anti-Yo yametoka leo, nayo ni chanya; upasuaji ni wiki ijayo. Jambo moja tu: tangu jana mguu wake wa kushoto umevimba na una joto, na shangazi anauchua kwa mafuta ya nazi. Je, ni kwa sababu ya kukaa sana?

Tabibu wa Neva:
Mwambieni shangazi aache kuuchua sasa hivi, na mgonjwa apelekwe hospitali leo hii, si kesho. Saratani ya ovari ni miongoni mwa zile zinazogandisha damu mishipani, jambo ambalo daktari Armand Trousseau alilieleza kuhusu saratani kwa jumla huko Paris mwaka 1865, na kukaa kitandani huongeza hatari. Bonge la damu likichomoka mguuni huweza kwenda kuziba mapafu. Ombeni ultrasaundi ya mishipa ya mguu, na timu ya upasuaji ipewe majibu mapema, kwa sababu dawa ya kuzuia damu kuganda hubadilisha mpango wao. Akianza kubanwa pumzi njiani, msipange foleni.