Vita vya Vietnam vilibadilije utamaduni wa Wamarekani?

Mwalimu wa Historia, Moshi
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wa kidato cha sita huandika kwamba Vita vya Vietnam vilibadili muziki, mavazi na maadili ya vijana wa Marekani, lakini nikiwauliza vilifanyaje hivyo, hujibu tu kwamba watu walichoka. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa muziki wa roki na harakati za haki za weusi vilikuwapo kabla wanajeshi wa Marekani hawajatua Da Nang mwezi Machi 1965. Je, vita ndivyo vilivyoleta mabadiliko, au vilikuta yameshaanza?

Mkazi wa Sakina, Arusha
Mwalimu, vilikuta yameshaanza, ila viliyaingiza katika kila nyumba kwa njia ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Usiku wa Desemba 1, 1969, watu walikaa mbele ya televisheni wakitazama vidonge 366 vya plastiki ya buluu, kila kimoja kikiwa na tarehe ndani yake, vikitolewa kimoja baada ya kingine kutoka kwenye chombo cha kioo. Tarehe ya kwanza ilikuwa Septemba 14, na kijana wa rika lililohusika aliyezaliwa siku hiyo akajua kwamba ataitwa kabla ya wenzake. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa. Mtoto wa kibarua, mara nyingi, hakuwa na pa kukimbilia. Ndipo lilipopata nguvu swali la kwa nini kijana wa miaka 18 apelekwe vitani na serikali ambayo, katika majimbo mengi, haruhusiwi kuipigia kura mpaka afikishe 21. Marekebisho ya 26 ya Katiba yakashusha umri huo mwaka 1971. Mimi naona badiliko kubwa lilikuwa hapo, kijana kumhoji mkubwa wake, kuliko kwenye nywele.

Mzee wa Kiborloni
Mwanangu wa Sakina, umesema vyema, lakini usimsahau Muhammad Ali. Alipokataa kuandikishwa huko Houston mwezi Aprili 1967, alivuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, na Wamarekani wengi walimwona msaliti. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu yake mwaka 1971, na baadaye kukataa kule kule kukawa sehemu ya heshima yake. Kwetu nako kulikuwa na kichekesho: serikali yetu ilivilaumu vita hivyo, huku Operesheni Vijana ya mwaka 1969 ikiwaandama waliovaa suruali za kubana na sketi fupi kama vijana wa Magharibi, ambao wengi wao walikuwa wakiandamana kuvipinga.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Basi mbona vita vya Iraki vya mwaka 2003, vilivyopingwa kwa maandamano makubwa, havikuacha alama ya namna hiyo?

Mkazi wa Sakina, Arusha
Kwa sababu tangu mwaka 1973 jeshi lao ni la wanaojiunga kwa hiari, kwa hiyo familia nyingi zilivipinga vita hivyo bila kuwa na mtu wao kule. Wape wanafunzi mfano wa Ureno waulinganishe: vijana walilazimishwa kwenda kupigana Angola, Guinea-Bissau na hapa jirani Msumbiji, maelfu wakatorokea Ufaransa, na mwishowe ni maofisa wa jeshi hilohilo walioiangusha serikali Aprili 25, 1974.