Safu ya uhusiano wa barua iitweje kwa Kiingereza?

karani_mbarara: Wakuu, natengeneza rejista ya barua za ofisi kwenye Excel, vichwa vya safu viwe Kiingereza. Kuna barua inayojibu nyingine, ya kukumbusha, na inayofuta ya awali. Nimeandika "Related to" lakini haielezi kitu. Nitumie lipi?

masijala_jinja: Ndugu, neno moja halitoshi. Safu iite "Relationship", ndani mtu achague: "replies to", "reminder of", "supersedes". Barua mpya ndiyo ielekeze ya zamani. Ile ya zamani ilipopigwa muhuri, jibu lake halikuwepo. "Follows" achana nalo, halisemi kama ni kwa tarehe au kwa hoja.

mtundu_kla: Watu wa baruapepe walishamaliza ubishi huu: RFC 5322 ya 2008, yaani kiwango cha muundo wa baruapepe, huiita inayojibiwa "parent", na kitambulisho chake hukaa kwenye sehemu ya kichwa cha jibu iitwayo "In-Reply-To". Ila barua moja yaweza kujibu mbili, hapo safu moja hukwama. Fungua shiti ya pili: barua mpya, uhusiano, barua ya zamani, mstari mmoja kwa kila jozi. Na uandike namba ya faili pamoja na folio (namba ya barua ndani ya faili), maana folio 12 ipo karibu kila faili.

karani_mbarara: Na nakala kwa taarifa?

masijala_jinja: Anayepewa nakala ni mpokeaji tu. "Copied to", safu yake peke yake.