MJADALA: Anayelinda bahari bure, tumlipe au tuache kumdanganya?

Mleta mada (Kilwa)

Salaam jamani. Nimekuwa katibu wa BMU ya kijiji chetu kwa miaka minne, nimeachia mwaka jana, na leo nataka kutoa lililonikaa kooni.

Kwa walio mbali na bahari: BMU ni kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia uvuvi hapo wanapoishi. Mtindo huu ulianzia Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1990, ukaja pwani, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inautambua. Kazi zenyewe ni kuandika samaki wanaoshuka, kukagua nyavu, kufanya doria, kutoa taarifa za uvuvi wa baruti na wa kokoro, yaani nyavu za kukokota. Malipo hakuna. Tunaambiwa ni kujitolea.

Sasa nikuonyesheni kujitolea kulivyo. Ni bamvua, maji yametoka mbali, akina mama wako mwambani wanachokoa pweza. Mimi nimekaa ufukweni na mizani na daftari. Kanuni zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Anarudi mama mmoja na pweza sita, wawili hawafiki. Wameshakufa, kuwarudisha baharini ni kulisha kaa. Na mama huyo ni shangazi wa mke wangu. Nikiandika ukweli, kesho kamati inamwita. Nikikaa kimya, daftari limesema uongo. Na siku hiyo mshipi wangu haukugusa maji, nyumbani wananiangalia mikono.

Siku ile niliandika pweza wanne.

Ndiyo maana nasema tumefunga mizigo miwili kwenye punda mmoja. Kuhesabu ni kazi, na kukamata ni kazi nyingine kabisa. Anayehesabu alipwe, hata kidogo, ila kila mwezi, na asiwe na mamlaka ya kumkamata mtu yeyote. Kukamata waachiwe wenye sare na mishahara. Na faini isimnufaishe aliyekamata, maana tukifika hapo nyavu halali nazo zitaonekana haramu.

Mvuvi (Mafia)

Kaka, umesema vizuri lakini posho ndiyo itakayoua. Ukitangaza leo kwamba mwandishi wa samaki analipwa, kesho anayeandika ni mtoto wa mwenyekiti, hajui kutofautisha changu na tasi. Sisi tuliojitolea tulijitolea kwa sababu tunavua humo humo.

Halafu nani alipe? Mradi? Kwetu mradi ulileta boti ya doria na injini yake. Mradi ulipoondoka, petroli nayo ikaondoka. Boti ipo mchangani, kuku wanatagia ndani. Mtu aliyezoea posho ya mradi hainui kalamu tena bila posho, bora ambaye hakuionja kabisa.

Afisa uvuvi mstaafu (Tanga)

Wanangu, niwape ya zamani. Huku Tanga tulikuwa na mpango wa usimamizi wa pwani kuanzia 1994 hadi 2007. Wanavijiji walifundishwa kuzamia wakahesabu samaki na kupima matumbawe wenyewe. Nilikuwa miongoni mwa waliobeza. Nikashuka nao majini, nikakuta mtu aliyeishia darasa la nne anataja samaki kwa majina ambayo mimi na diploma yangu nilikuwa nayasoma kwenye picha. Kwa hiyo hoja ya kwamba mwanakijiji hawezi takwimu tuizike.

Kuhusu kukamata namuunga mkono mleta mada. Kumbukeni baruti. Miaka mingapi tumesikia mlio kuanzia Tanga hadi Mtwara, na kila kijiji kilijua nani anarusha? Ilipungua sana kuanzia 2016 hivi, vyombo vya dola vilipoungana kuwafuata wenye baruti mpaka nchi kavu. Haikukomeshwa na kijana mwenye tochi kwenye mtumbwi. Kumtuma huyo kijana bila bima wala jaketi la kuokolea akamkabili mtu mwenye bomu, mimi siiti kujitolea.

Fedha ipo. Ushuru wa samaki unakatwa pale pale mnapoandika. Sehemu yake ibaki kijijini kwa kazi ya daftari, iandikwe kwenye sheria ndogo za halmashauri, isiwe hisani ya mtu.

Mvuvi (Mafia)

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo sehemu ya kubaki kijijini nimeisikia tangu sijaota ndevu.

Mkazi wa Kilifi

Habari zenu majirani. Huku Kenya BMU zina kanuni zake tangu 2007. Lakini Kuruwitu, hapa hapa Kilifi, wazee hawakungoja kanuni, walikubaliana kufunga kipande cha bahari kabla yake, tunaita tengefu. Samaki wamerudi, wageni wanakuja kuangalia, na pesa ya wageni inasaidia kulinda. Sisemi muige. Ufuo usio na mgeni wa kulipa kiingilio utalipa walinzi na nini? Hapo ndipo na sisi tunapokwama kwenye fuo nyingine.

Mama mchokoaji (Kilwa)

Nimewasoma wote. Mnabishana nani alipwe, na mimi sijaulizwa.

Tukifunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue, anayefunga ni kamati, anayelala njaa ni mchokoaji. Mvuvi wa boti anahamia kina kirefu. Mimi na mchokoo wangu nihamie wapi? Pweza anakua haraka, hilo ni kweli, ukifungua unapata wakubwa. Lakini siku ya kufungua wanashuka watu kutoka vijiji ambavyo havikufunga hata siku moja, wanavuna na sisi sawasawa.

Na hilo daftari. Miaka yote mnanipimia pweza, hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia limeonyesha nini. Kwenye kamati wanawake hatuonekani, kwenye hesabu zenu tumejaa. Kabla ya kumlipa mwandishi, kwanza atusomee alichoandika.

Mleta mada (Kilwa)

Bi mkubwa, hapo umenipiga na sina pa kukimbilia.

Niongeze moja tu. Mwaka 1998 matumbawe yaligeuka meupe pwani nzima kwa joto la maji, na 2024 joto likarudi. Wa kwanza kuona ni wachokoaji na wavuvi wa madema, ile mitego ya samaki, walirudi wakisema mwamba umepauka kama mifupa. Wataalamu walipokuja wakauliza: mwaka jana mwamba huu ulikuwaje? Tukatazamana. Tulikuwa na kumbukumbu za nyavu tulizokamata, za mwamba hatukuwa nazo. Ndicho ninachokililia, kaka wa Mafia. Bahari inabadilika na sisi tumeshughulika kuviziana.

Daftari tatu ninazo bado, nimezifunga kwa uzi. Aliyekuwa akizichukua amehamishwa, hajaja mwingine.

Mama mchokoaji (Kilwa)

Zilete. Binti yangu yuko kidato cha pili, atatusomea Jumamosi tukisubiri maji yatoke. Azisome zote, hata ile siku ya shangazi wa mkeo.