Nikirudi kutoka Ujiji, kipandisho cha Mwanga kinanimaliza kabisa. Kilomita 21 ntaziweza kweli?

Kijana_wa_Mwanga

Habari zenu wadau wa mbio. Niko Kigoma mjini, miaka 31, kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa nauza vipuri vya pikipiki. Nilianza kukimbia mwaka jana mwezi wa sita baada ya kupimwa presha ikaonekana imepanda, nikawa nazunguka uwanja wa Lake Tanganyika mizunguko minne mitano tu, mara nikazoea, mara nikapenda, sasa hivi nikikaa siku tatu sijakimbia mwili wenyewe unadai. Nimeweka nia niende Moshi mwezi wa pili mwishoni nikimbie zile 21 za Kilimanjaro Marathon.

Shida yangu ni hii. Kila Jumapili natoka pale stesheni, napandisha barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, nateremka Ujiji, nageuza narudi, jumla simu inanipa kilomita 16 na kidogo. Kwenda naenda vizuri mno, dakika 5 na sekunde 10 au 15 kwa kilomita, najiona mwepesi kabisa. Nikigeuza tu nikaanza kukipanda kile kipandisho cha kurudi Mwanga, yaani kuanzia kilomita ya 12 hivi, miguu inakuwa kama nimefungiwa mifuko ya saruji, kichomi kinabana ubavu wa kulia, nasimama, natembea mpaka nyumbani. Imetokea Jumapili tano mfululizo. Alafu wiki hizi mbili muundi wa kushoto unauma nikiamka asubuhi.

Ratiba yangu ni Jumanne 6, Alhamisi 8, Jumapili hizo 16, na kila siku najitahidi nivunje taimu ya wiki iliyopita. Natoka kama saa moja na nusu asubuhi, sili kitu, nakunywa maji glasi moja. Raba nilinunua mtumba, bado zina soli nzuri.

Nyumbani wananiambia niache, mbio ni za Wambulu wa Manyara na Wakenya, sisi watu wa ziwani tumeumbiwa kuvua na kuogelea. Naomba mwenye uzoefu aniambie ukweli, ni pumzi sina au mwili wangu ndo umefika mwisho?

Reli_ya_Kati

Mwangaluka mdogo wangu, mimi niko Tabora, Isevya, nina miaka 47 na nusu marathoni nimeshamaliza sita, kwa iyo nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe.

Pumzi unayo. Mtu asiye na pumzi hafiki Ujiji kwa mwendo huo. Unachokosa ni siku za kukimbia polepole, maana nimesoma ratiba yako mara mbili, Jumanne unashindana, Alhamisi unashindana, Jumapili unashindana tena na ndiyo ndefu kuliko zote. Hiyo dakika 5 na sekunde 15 ukiipigia hesabu mpaka mwisho wa nusu marathoni, kilomita 21.1, unamaliza kwa saa 1 na dakika 50 na sekunde kama 46. Ni mwendo wa mtu aliyekimbia miaka kadhaa tena siku ya mashindano yenyewe, wewe unauendea kila Jumapili peke yako, kwenye mlima, jua likiwa limeshatoka.

Sasa kinachotokea mwilini ni hivi. Misuli na ini vina akiba ya sukari, na akiba hiyo si kubwa. Ukikimbia kwa nguvu mwili unachoma sukari kwa wingi, ukikimbia taratibu unachoma mafuta zaidi na sukari inadumu. Wewe unaitafuna akiba yote ukiteremka Ujiji huku unajiona mwepesi, alafu kipandisho kinakukuta ghala tupu, na asubuhi hujala kitu, na kutoka usingizini ini lenyewe limeshapungua. Na faida nyingine ya kukimbia polepole muda mrefu ni kwamba mishipa midogo midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na vile vijumba vya kutengeneza nguvu ndani ya chembe za misuli navyo vinaongezeka. Hilo linajengeka kwa miezi, huwezi kulilazimisha kwa kukaza meno.

Nakupa kipimo ambacho hakihitaji saa wala simu. Unakumbuka mchakamchaka shuleni? Tulikuwa tunaimba na kuitikia huku tunakimbia, shule nzima, wanene kwa wembamba, na hakuna aliyekata pumzi. Tuliweza kwa sababu mwendo ulikuwa wa kuimbika. Basi Jumapili kimbia hivyo hivyo, ukishindwa kuimba beti moja bila kuvuta hewa katikati ya neno, punguza. Kwako wewe nadhani itakuwa dakika 7 au 7 na nusu kwa kilomita. Kwenye kipandisho punguza tena, hata ukitembea hatua hamsini hujafanya kosa lolote.

Itakuuma moyoni, nakuambia mapema. Mimi nilipoanza kufanya hivi nilikuwa naenda njia ya Kwihara, ile ya kwenye tembe alilokaa Livingstone, njia tambarare yenye mchanga, na wale jamaa wa baiskeli zenye magunia ya mkaa tulikuwa tunakwenda sambamba tunapiga stori mpaka mjini. Wiki sita nilivumilia nikiamini napoteza muda. Wiki ya nane nikakimbia kilomita 18 nikarudi nyumbani nikachota maji ndoo nne, mguu haudai kitu. Siku ile ndo nilielewa.

Spidi_120

Mzee Reli heshima yako lakini mi sikubali. Ukijizoesha polepole utakuwa wa polepole. Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, 1974 kule Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu bunduki inalia, hakusubiri mtu, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2 na John Walker nyuma yake hakumpata. Mwaka uliofuata akavunja na ya maili. Angekuwa anaimba mchakamchaka angevunja? Na Juma Ikangaa naye alikuwa mtu wa kukaa mbele, marathoni ya New York 1989 akashinda kwa 2:08:01. Sisi Watanzania asili yetu ni kwenda mbele bwana. Dogo kaza tu, kipandisho utakizoea.

Reli_ya_Kati

Spidi, hao uliowataja nawapenda kuliko ninavyoweza kueleza, habari za Bayi nilisimuliwa na baba yangu nikiwa mtoto. Lakini mita 1500 ni dakika tatu na nusu, sukari haina nafasi ya kuisha. Na Ikangaa, tuangalie Brisbane 1982, marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Yeye na Gidamis Shahanga walitoka mbele wakamwacha Robert de Castella wa Australia mbali sana, watu wakajua imekwisha. De Castella hakuhangaika, akaendelea na mwendo wake, akawafikia mwishoni kabisa, akashinda kwa 2:09:18 na Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12. Ikangaa alikuwa shujaa siku ile na alikuwa amejiandaa miaka na miaka, bado mbio ndefu ikamdai deni la mwanzo.

Alafu linganisha na Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu, marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo Septemba 2025. Joto na unyevu, kundi kubwa linakwenda pamoja, yeye yumo humo humo katulia kimya mpaka wakaingia uwanjani. Mita za mwisho ndo akampita Amanal Petros wa Ujerumani, wote wameandikiwa 2:09:48, tofauti sehemu tatu za mia ya sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nililia mbele ya watoto, sioni haya kusema. Ile dhahabu imepatikana kwa mtu aliyejua kutunza alichonacho.

Na dogo, hayo maneno ya Wambulu waambie nyumbani hivi: Simbu ni wa Singida, Ikangaa wa Dodoma, na Suleiman Nyambui aliyechukua medali ya fedha mita 5000 Moscow 1980 ni mtu wa Majita, kandokando ya ziwa Victoria. Watu wa ziwani hao.

Spidi_120

Hiyo ya Brisbane sikuwa naijua mzee. Nimekuelewa. Lakini siku moja ya spidi kwa wiki si inaruhusiwa jamani?

Reli_ya_Kati

Inaruhusiwa na inatakiwa. Siku moja. Kwa mfano Alhamisi, kilomita mbili za kupasha, dakika tatu kwa kasi mara tano ukipumzika dakika mbili kila moja, alafu taratibu unarudi. Lakini kijana wetu asianze leo, muundi upone kwanza.

Mama_wa_Ujiji

Nashukuru mmeugusa muundi maana niliona mnampita. Mdogo wangu, mimi ni muuguzi na nakimbia hapa hapa Ujiji mwaka wa nne sasa, huenda tumeshapishana njiani.

Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole taratibu kuanzia juu kwenda chini. Kama maumivu yametawanyika eneo refu na yanapungua ukishapasha mwili, mara nyingi ni kuongeza mzigo haraka kuliko mfupa na misuli ilivyozoea, hapo punguza kilomita zako ziwe nusu kwa wiki mbili, weka barafu au maji ya baridi, na acha kukimbia mteremko kwa kasi, mteremko ndo unapiga muundi kuliko mlima. Kama maumivu yako sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole na yanauma hata ukiwa umelala, USIKIMBIE, nenda kapige picha ya X-ray, mfupa unaweza kuwa na ufa. Raba za mtumba nyingi nazo zinakuja zimeshakimbiwa huko zilikotoka, soli ya chini inaonekana nzima lakini ile sponji ya ndani imeshakufa, bonyeza kwa gumba ukiona haisukumi kurudi tafuta nyingine.

Alafu presha. Umesema ulipimwa mwaka jana, umerudi kupima tena? Kama unatumia dawa mwambie daktari wako kwamba unakwenda kukimbia kilomita 21, kuna dawa zinazopunguza maji mwilini na nyingine zinashusha mapigo. Usilipite hili.

Saa yako ya kutoka sio nzuri kwa huku kwetu. Wa Dar hawalijui hili ila sisi Kigoma tuko magharibi mwisho wa nchi, saa kumi na mbili asubuhi bado giza, jua linachomoza karibu na saa moja. Wewe unatoka saa moja na nusu, unapokipanda kipandisho imeshapita saa mbili na nusu, jua kali, unyevu wa ziwa, damu ambayo ingekwenda miguuni inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili, moyo unadunda zaidi kwa mwendo ule ule. Toka saa kumi na mbili na nusu, kunakuwa kunapambazuka. Mimi kama mwanamke siwezi kutoka peke yangu gizani kwa iyo natoka na jirani yangu, tuna tochi za kichwani na mashati meupe, na bodaboda wameshatuzoea wanatupigia honi ya salamu.

Chakula, usiku wa Jumamosi kula ugali wa muhogo au viazi vitamu, migebuka ya kuchemsha, mawese mengi weka siku nyingine maana yanakaa tumboni. Asubuhi ndizi mbivu mbili na chai ya sukari nusu saa au dakika 40 kabla. Kichomi nacho mara nyingi kinatokana na kutoka kwa kasi au kula karibu mno, kikija punguza mwendo, toa pumzi ndefu kwa mdomo. Kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu beba maji yenye ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja kama ilivyoandikwa, unywe mafunda machache kila baada ya muda. Usinywe maji matupu kupita kiasi ukidhani ndo usalama, chumvi ya damu ikishuka sana mtu anaanguka na kuchanganyikiwa.

Mlima_Bado

Mi nilikimbia hiyo 21 ya Moshi. Nakupa moja tu, nusu ya kwanza ni kupanda kuelekea Mweka, kupanda hasa, sio kidogo, alafu unageuza unashuka mpaka uwanja wa Chuo cha Ushirika. Watu wanatoka pale kama wanafukuzwa na wanaishia kutembea kabla ya kufika juu. Wewe unayeishi na kipandisho cha Mwanga una bahati kuliko sisi wa tambarare. Na basi kutoka Kigoma mpaka Moshi ni safari ya kuchosha, fika angalau siku mbili kabla, miguu inavimba ukikaa muda mrefu.

Kijana_wa_Mwanga

Wadau nimerudi, wiki tatu zimepita. Muundi nilibonyeza, ulikuwa ule wa kutawanyika, nikapumzika siku tisa nikawa natembea tu. Nimepima presha imeshuka, daktari amenipa ruhusa, amesema niendelee na nirudi kabla ya safari.

Jumapili iliyopita nimetoka saa kumi na mbili na nusu, nimekula ndizi, dakika 7 na sekunde 20 kwa kilomita. Mpaka Ujiji nilikuwa natamani kulia kwa jinsi nilivyoona naenda kidogo, mzee mmoja wa baiskeli ya dagaa alinipita akaniambia pole kijana. Nikageuza. Nikaanza kipandisho nikiwa nasubiri miguu igome kama siku zote. Haikugoma. Nimepanda naimba, kweli kabisa, naimba za mchakamchaka wa darasa la tano, wanafunzi wa madrasa wanaopita wakawa wanaitikia. Nimefika Mwanga sijasimama hata mara moja, nikateremka Lumumba mpaka stesheni, nikaliangalia ziwa pale chini kumepambazuka vizuri, nikaona nina nguvu ya kurudi tena.

Mzee Reli na dada Mama wa Ujiji, Mungu awalipe. Mama wa Ujiji naomba niulize, Jumapili hii mnapita wapi?

Mama_wa_Ujiji

Tunaanzia Ujiji kuja Mwanga, tunafika sokoni Mwanga kama saa moja na dakika tano, tunageuza. Tusubiri pale utushushe mpaka Ujiji alafu urudi mwenyewe na mlima wako, itakutimizia 16. Mwendo wetu 7 na nusu, usituvute. Beba chupa yako, ORS ninazo.