Ini la kumfundishia mbwa mnalipikaje?

Muulizaji: Wakuu habari, nina mbwa wa miezi 5 namfundisha "kaa" na "njoo", biskuti za dukani bei juu halafu ananusa tu anaondoka. Juzi nikachukua ini la ng'ombe robo kilo buchani nikakaanga na vitunguu na chumvi kama letu, kala lote, usiku kaharisha hadi nimefua mkeka. Nimekosea wapi?

Mdau wa Tabata: Vitunguu hivyo mkuu! Kitunguu maji na swaumu vyote sumu kwa mbwa, vinaharibu damu na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, akilegea au mkojo ukiwa mwekundu mkimbize kwa daktari wa mifugo. Ini chemsha na maji matupu mpaka ukikata katikati hakuna damu, kata vipande kama punje ya hindi, kisha kausha kwenye kikaango kikavu moto mdogo, visije vikakuchafulia mfuko wa suruali.

Mama Simba: Na bichi usimpe, ukiona malengelenge ya maji kwenye ini tupa mbali, chimbia kabisa, ndo njia ya tegu kuingia kwa mbwa halafu mayai yanawarudia nyie na watoto. Usizidishe pia, vitamini A humo ni nyingi mno.

Muulizaji: Asanteni, anakula vizuri na mkojo uko sawa. Nimechemsha upya nimeweka friza, leo kakaa kwa punje moja tu, na paka wa jirani naye kakaa pembeni anasubiri